Mishono Mitatu Chini ya Bizimu

Jumatatu, 7 Mei 2018

Daftari hili nimepewa na Mama Moira pamoja na kazi. Anataka niandike kila kilti nimeianza lini na nimeimaliza lini. Nilimwambia mimi hushona, siandiki. Akasema mwakani nitakuwa nimesahau. Basi naandika, na kwa kuwa kurasa ni nyingi kuliko kilti, nitaweka humu na mambo mengine.

Kilti ni ile sketi ya wanaume wa Skotilandi, ya miraba mbele na marinda nyuma. Mama Moira amezaliwa hapahapa Johannesburg lakini ukoo wao ni wa huko, na bendi yao hupiga zumari za mfuko. Mwanawe Ross alikuwa mpiga zumari wao bora. Aliugua, akafa mwaka juzi akiwa na miaka ishirini na mbili. Mama huyu akakaa akachora tartani ya kumkumbuka, maana hao watu kila mpangilio wa miraba wanaupa jina na mwenyewe. Ameuandikisha huko Skotilandi kwa hesabu ya nyuzi: zambarau ya jakaranda, njano ya vilima vya mchanga wa migodi, nyeusi, na katikati mstari mweupe wa nyuzi mbili tu. Nyuzi mbili, anasema, mmoja wa Ross na mmoja wake.

Kilti kumi na mbili kwa ajili ya bendi, hadi mwisho wa Agosti. Sufu tupu, mita saba kila moja, kwa mkono. Mimi Jeannine, niliyetoka Uvira kule Kongo na mkasi ndani ya mkoba, sina cheti chochote cha ufundi. Cheti changu ni jina langu, na mtaa wetu mzima wa Rosettenville unalijua. Nikiharibu hapa sina pa kuanzia tena.

Alhamisi, 10 Mei

Nimekata ya kwanza. Nilipima mara tatu kama mwanafunzi.

Jumamosi, 12 Mei

Falonne amekaa nami mchana kutwa, ananishikia marinda. Ni mdogo wangu kwa miaka kumi na moja, nilimlea mimi baada ya mama kufariki. Lazima kila rinda likunjwe mahali ambapo miraba itaendelea, ili mtu akigeuka nyuma yake ionekane kama mbele. Falonne ana jicho. Tatizo lake ni subira.

Tukafika kwenye alama. Mama yetu naye alikuwa fundi, na alikuwa na alama yake: mishono mitatu myekundu, midogo kama punje za ulezi, ndani ya kiuno mahali pasipoonekana. Alitufundisha sisi wawili tu. Mimi huiweka kwenye bitana, chini ya bizimu ya kushoto. Falonne akaomba aiweke yeye. Nikamwachia. Yeye ni wa mkono wa kushoto, hata fimbo za shangazi hazikumbadilisha, na mishono yake hulala upande wa pili, kama watu waliogeukia ukutani. Nikacheka, nikaifumua, nikaweka yangu. Alinuna mpaka saa ya chai.

Jumapili, 20 Mei

Baada ya ibada Octave alinifuata uani. Octave ni shemasi wetu, mtu wa Lubumbashi, viatu vinang'aa hata siku ya vumbi. Amemposa Falonne tangu Pasaka na harusi ni Septemba.

"Yaya Jeannine," akaniambia, maana kwetu yaya ni dada mkubwa, "ile kitambaa ya yule mama mzungu, Falonne ameniambia. Eish, ni kintu ya ajabu. Unipe hesabu yake. Tutafumisha ya harusi, famille yote ivae sare moja."

Moyo wangu ulifurahi, nisidanganye. Kwetu harusi bila sare ni mkutano tu. Mnachagua kitenge kimoja, mnavaa wote, na anayetaka kuwaheshimu wafiwa au maharusi huenda sokoni kununua hichohicho. Sijawahi kusikia mtu wa Uvira akisema kitambaa hiki ni changu, usikivae. Kuvaa kitambaa cha mtu ni kumpa heshima. Nikafikiri, Mama Moira akiona ukoo mzima umevaa rangi za mwanawe, atalia kwa furaha.

Nikamwandikia Octave hesabu yote ya nyuzi nyuma ya bahasha ya sadaka. Sikumwuliza Mama Moira. Nilitaka iwe zawadi ya kumshtukiza.

Jumatano, 30 Mei

Baridi. Mafuta ya mashine yameganda.

Jumatatu, 4 Juni

Falonne ameanza kazi Midrand. Octave amemtafutia mapokezi kwenye ofisi ya rafiki yake. Anaondoka kabla ya jua na kurudi jua limezama. Nimeshamkumbuka kwenye marinda, lakini msichana anayeolewa hawezi kuning'inia kwenye sindano yangu milele. Kilti ya tatu imeisha leo.

Jumamosi, 16 Juni

Sikukuu ya vijana. Falonne alibaki nyumbani. Akanipiga picha kwa simu nikiwa na sindano mkononi, miwani puani, kilti mapajani.

"Unafanyia nini picha ya mzee?"

"Ya kumbukumbu, yaya. Tabasamu kidogo, mbona unakuwa kama askari wa lindo?"

Nikatabasamu. Baadaye tulikaa tukiupima mwili wake kwa ajili ya gauni. Nimeanza kulikata: satini nyeupe, mikono mirefu, mkanda mpana kiunoni. Amekonda kidogo. Kwenye vidole nikaona vidonda vya sindano. Nikamwuliza mapokezi wanashona nini huko. Akasema anashona vifungo vya sare za walinzi, wenzake wamejua anaweza. Nikamwambia asitumike bure, wazungu wa ofisi hawana haya.

Jumanne, 3 Julai

Saba zimeisha. Ya nane imenishinda tumboni, jamaa ni mpiga ngoma mnene na miraba inakimbilia kitovuni. Nimeifumua mara mbili.

Jumapili, 8 Julai

Octave ametoa ushuhuda kanisani kwamba Bwana amemfungulia mlango wa biashara ya mtandao. Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini nani hukumbuka methali wakati wa makofi.

Ijumaa, 13 Julai

Nimefagia chumba cha Falonne. Chini ya kitanda kulikuwa na nyuzi za zambarau zilizojikusanya kama vumbi. Nilidhani zimetoka kwenye nguo zangu mimi. Nimezitupa.

Alhamisi, 19 Julai

Nitaandika yote, hata kama mkono unakataa.

Mama Moira alikuja saa nne bila kupiga simu. Siku nyingine huingia akisifu harufu ya maandazi. Leo alisimama mlangoni na kifurushi kwapani, akauliza kama tuko peke yetu. Nikamwambia ndiyo. Akaweka simu yake mezani, juu ya kilti ya tisa.

Kwenye simu kulikuwa na duka la mtandaoni. Picha yangu juu kabisa, miwani puani, natabasamu. Chini yake kumeandikwa kwamba kila kilti imeshonwa kwa mkono na Jeannine wa Johannesburg. Halafu tartani ya Ross. Wameiita tartani ya ukoo wa kale wa Waskoti waliokuja kuchimba dhahabu, "sufu safi, imefumwa Skotilandi". Ukoo huo haupo. Kuna watu wawili wameandika chini kwamba wao ni wa ukoo huo na babu zao walivaa hiyohiyo. Siku nyingine ningecheka mpaka nianguke.

"Jeannine," akasema, "hesabu ya nyuzi ninayo mimi, mfumaji anayo, na wewe unayo. Mfumaji nimemfahamu miaka thelathini."

Akafungua kifurushi. Aliinunua mwenyewe ili aione. Nilipoigusa tu nilijua ni polista, si sufu. Marinda yamekunjwa ovyo, miraba nyuma inagongana kama magari robot, ile taa ya njia panda, ikizimika. Upindo umepindwa chini kwa mashine, wakati kilti haipindwi, ukingo wa kitambaa wenyewe ndio mwisho wake. Na mstari mweupe ulikuwa mnene.

"Nimehesabu," akasema. "Nyuzi nne. Mmoja wa Ross, mmoja wangu. Wengine wawili ni akina nani?"

Hapo sauti yake ikakatika. Mimi nikaanza kusema siyo yangu, naapa kwa Mungu siyo yangu, mimi sishoni takataka kama hii. Akaigeuza, akafungua bizimu ya kushoto, akakunjua bitana. Mishono mitatu myekundu.

"Hii umenionyesha mwenyewe mwezi wa tano. Ulisema hakuna mwingine duniani."

Niliitazama alama ile mpaka maji yaliyokuwa jikoni yakachemka na kumwagika. Nikaona nilichoona. Mama Moira aliisubiri sauti yangu, hakuipata, akachukua kifurushi na simu akaondoka. Mlangoni akasema wakili wake ataniandikia.

Mishono ile ilikuwa imelala upande wa pili, imegeukia ukutani.

Ijumaa, 20 Julai

Sikushona. Falonne alirudi, akala, akaniuliza naumwa nini. Nikasema kichwa. Nilitaka nione kama atasema mwenyewe. Alinawa mikono, akanibusu shavuni, akaenda kulala.

Jumamosi, 21 Julai

Nimemwuliza nikiwa namjaribisha gauni, pini mdomoni, maana uso kwa uso nisingeweza.

"Midrand unashona kilti ngapi kwa wiki?"

Mwili wake ulikakamaa ndani ya satini. Halafu akasema, "Nne. Tuko watatu."

Hakuna mapokezi. Kuna ghala, mashine tatu, na marobota ya polista aliyofumisha Octave kwa bahasha yangu ya sadaka. Nilimwuliza alama ya mama aliiweka kwa nini. Akasema Octave alitaka kitu cha kuonyesha ni kazi ya mkono wa fundi mmoja, wateja wanapenda, ndipo akakumbuka alama. Alisema "akakumbuka" kana kwamba Octave aliwahi kukaa miguuni pa mama yetu.

Octave akafika mchana na soda na keki. Alipoona nyuso zetu aliweka keki chini taratibu.

"Yaya, weye unaogopa bure," akasema. "Mi nilibadili ile mstari mweupe. Mbili, mi nikaweka ine. Ukibadili kintu kimoja, ni yako. Bantu banafanya hivyo kila siku kwa kitenge."

"Kitenge hakiandikwi jina la mtoto aliyekufa."

"Na nani alinipa hesabu? Mi niliiba?"

Hapo alinipata. Nilivua sentimita ya kupimia shingoni, nikaikunja. Ni mimi niliyempa. Aliomba sare ya harusi na nikampa kwa mikono miwili.

"Uliniambia ya harusi," nikasema.

"Ya harusi pia iko. Sema tu hii mchoro ulibuni weye mwenyewe, mbele ya yule mama. Anakupenda. Eish, atasahau. Tukishaoa, yote ni famille."

Nikamtazama Falonne. Nilitegemea aseme neno, hata moja. Alikuwa akitoa pini kwenye gauni moja moja, akizipanga mezani.

"Yaya," akasema bila kuinua macho, "ungesema tu ni wewe. Wewe wanakupenda. Wangekusamehe. Mimi nani atanisamehe?"

Niliuza pete ya mama ili mtoto huyu apande basi kutoka Uvira. Nimemchana nywele miaka kumi na tatu. Kikulacho ki nguoni mwako, husema watu, na mimi fundi nguo sikuwahi kutazama nguoni mwangu. Nimewafukuza wote wawili, keki na soda. Falonne alitoka na begi dogo. Gauni limebaki kwenye kiango.

Jumapili, 22 Julai

Sikwenda kanisani.

Jumatano, 25 Julai

Barua ya wakili imefika. Jina langu limeandikwa juu yake lote, sawasawa, bila kosa hata la herufi. Nimepewa siku saba.

Ijumaa, 27 Julai

Mama mmoja wa jirani aliyeniletea nguo za shule amekuja kuzichukua kabla sijazishona. Amesema haraka haipo tena. Habari zimeshafika mtaani.

Kilti ya tisa imelala mezani na mkasi juu yake. Nawaza. Nikisema si mimi, wataniuliza ni nani, na alama itajibu. Nikinyamaza, Falonne ataolewa na mimi nitakuwa fundi wa polista aliyeuza marehemu wa watu. Nimelia leo kwa hasira, siyo kwa huzuni. Kuna tofauti, hasira hukausha koo.

Jumatano, 1 Agosti

Nimekwenda ofisini kwa wakili. Mama Moira alikuwepo, hakunisalimu. Wakili ni kijana mpole, alinieleza taratibu. Kuandikisha tartani kule Skotilandi, akasema, si kufuli, ni kumbukumbu. Lakini mchoro ni kazi ya Mama Moira na hakimiliki ni yake, hata ukibadili mstari mmoja mtu akiuona anautambua. Zaidi ya hapo, aliyeandika sufu juu ya polista, na Skotilandi juu ya Midrand, amewadanganya wanunuzi, na hilo lina sheria yake hata kama mchoro ungekuwa wa babu yake.

Akauliza kama nimeshona zile kilti.

Nikaomba sindano. Walitazamana. Katibu akaleta sindano na uzi kutoka droo ya vifungo. Nikaketi, nikashona mishono mitatu kwenye kipande cha kitambaa mbele yao, nikaiweka kando ya kilti ile ya polista.

"Yangu inalala kulia," nikasema. "Hii imelala kushoto. Imeshonwa na mtu wa mkono wa kushoto, aliyefundishwa na mama yangu."

Mama Moira akasogea, akavaa miwani. Alitazama muda mrefu. Alimfahamu Falonne, alishakunywa chai aliyoipika. Akasema polepole, "Dada yako." Niliinamisha kichwa.

Kisha nikasema lililobaki, maana ukifumua nusu nguo hubaki kitambara. Nikasema hesabu ya nyuzi niliitoa mimi. Nikaeleza sare, harusi, kitenge cha kwetu, na kwamba nilitaka kumfurahisha. Wakili akaandika. Mama Moira akavua miwani.

"Ungeniuliza," akasema. "Ningekubali. Kwa harusi ningekubali."

Hilo liliniuma kuliko barua. Kwenye hati ya kiapo kuna majina matatu. La kwanza ni langu, kwa kutoa hesabu. La pili Octave, kwa duka. La tatu Falonne, kwa sindano. Nilitia sahihi chini na kalamu ikatoboa karatasi.

Jumatatu, 6 Agosti

Duka limeondolewa mtandaoni. Octave ametia sahihi ya kutouza tena na kukabidhi kilti zote zilizobaki. Jela hakuna. Kanisani, nasikia, ameomba aombewe, adui ameivamia biashara yake. Adui ni mimi.

Jumanne, 14 Agosti

Mama Moira alikuja. Amesema nimalizie zilizobaki, bendi imekubali. Nilishika mkono wake nikashindwa kuuachia.

Halafu akasema lingine, akitazama dirishani. Polista zilizokwisha kuuzwa ziko huko nje, nyingi, na zote zina alama ile. Wakili anashauri za kweli ziwe tofauti. Kama itawezekana, alama itolewe.

"Ni alama ya mama yangu," nikasema.

"Najua. Samahani, Jeannine."

Alikuwa na haki. Hiyo ndiyo sehemu mbaya yake.

Alhamisi, 16 Agosti

Nimefumua alama kwenye kilti tisa. Sindano nyembamba, taratibu, sufu isijeruhiwe. Mama aliitumia miaka thelathini, na hakuna aliyewahi kuitilia shaka. Wanangu wawili, alikuwa akisema, hata mkipotezana mtatambuana kwa hii. Kweli nimemtambua.

Ijumaa, 31 Agosti

Ya kumi na mbili imeisha. Chini ya bizimu ya kushoto hakuna kitu.

Jumapili, 2 Septemba

Nimewaona watu wa bendi wakipiga kwenye uwanja wa shule. Kumi na wawili, wakageuka wote pamoja, na nyuma ilikuwa kama mbele. Mama Moira alinikalisha kando yake. Watu walimwuliza fundi ni nani, akanionyesha kwa kidole bila kusita. Nilishukuru. Nilirudi nyumbani nikalala na viatu.

Ijumaa, 7 Septemba

Harusi ni kesho, kwenye ukumbi wa kaka wa Octave, Joubert Park. Sikualikwa, na nisingekwenda. Lakini gauni nilikuwa nimelimaliza. Siwezi kuacha nguo nusu, ugonjwa wangu ndio huo.

Falonne alilifuata mwenyewe, mchana. Amekonda zaidi. Hatukukumbatiana. Nilimshushia gauni, akalivaa chumbani kwake kwa zamani, akatoka. Lilimkaa. Lazima niseme kweli, lilimkaa vizuri kuliko nguo yoyote niliyowahi kushona.

"Asante, yaya."

"Ukae sawa nione mgongo."

Akageuka. Halafu mkono wake wa kushoto ukaenda wenyewe kiunoni, ndani ya mkanda, ukapapasa chini ya vifungo, upande huu, kisha upande ule. Nilijua anatafuta nini. Alipokuwa mdogo kila nguo mpya aliitafuta alama ya mama hivyohivyo, na asipoipata haraka alikuwa akilia.

"Yaya, iko wapi?"

"Uliimaliza yote Midrand."

Alisimama pale na mkono ndani ya mkanda. Mimi nikaenda kuzima pasi.